Moto wa kuota uani: kuufukia na mchanga sio kuuzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wenye nyumba zenye bustani, hasa sisi wa huku Arusha na Moshi ambako baridi ya mwezi wa sita mpaka wa nane inatufanya tuwashe moto nje karibu kila wikiendi. Kazi yangu ni kupanda na kutunza majani kwenye nyumba za watu, huu mwaka wa 12 sasa, na kila ikifika Januari na mwezi wa tisa simu ninazopigiwa ni zile zile, "fundi njoo uone, majani yamefanya duara jeusi hapa katikati". Sina haja ya kuuliza kilichotokea. Wageni walikuja, mbuzi akachinjwa, usiku watu wakataka kuota moto, kuni zikapangwa juu ya ukoka moja kwa moja na mtu akasema si majani tu bwana, yataota.

Ni kweli ukoka ukiungua juu juu unarudi wenyewe maana unatambaa. Lakini moto wa masaa manne matano sehemu moja unashuka chini, unapika mizizi, na udongo wenyewe unabadilika. Kuna siku nilimwaga maji kwenye duara la namna hiyo nikaona yanasimama juu matone matone, afu yanateleza kwenda pembeni, nikichokonoa kwa kidole chini ni vumbi kavu kabisa. Hapo ukipanda upya hakishiki kitu mpaka uutoe ule udongo wa juu kama sentimita 10, ulete mwingine uchanganye na samadi iliyooza ndo upande. Na wengine wanamwaga majivu yote hapo hapo wakidhani ni mbolea. Majivu kidogo ukiyatawanya sawa, yana potashi na chokaa, lakini rundo la ndoo nzima sehemu moja linaunguza majani yaliyokuwa yamepona.

Majani tunapanda mengine. Kilichonifanya niandike barua hii ni mguu wa mtoto.

Mwezi uliopita nilifika nyumba moja kazini saa moja na nusu asubuhi. Usiku wake walikuwa na shughuli, na saa sita walipoenda kulala wakachukua mchanga uliobaki wa ujenzi wakafukia moto, wakasawazisha vizuri, wakaingia ndani na amani yao. Mtoto wao wa miaka minne akatoka peku peku, akaona mchanga msafi, akakimbilia kucheza. Nilisikia kilio ambacho mpaka leo nakisikia. Dada alikuja mbio na dawa ya meno, nikamwambia hapana dada, nikambeba mtoto mpaka kwenye bomba na tukaacha maji yatiririke kwenye ule mguu dakika 20 nzima huku analia mimi nimemshikilia, ndo mama yake akampeleka hospitali. Waliporudi daktari alikuwa amewaambia ni vizuri hamkupaka kitu. Mi nilibaki pale nikachukua beleshi nikachimba ule mchanga. Chini yake makaa yalikuwa mekundu, ukipuliza yanawaka.

Jamani sisi hili tunalijua. Bibi zetu usiku walikuwa wanafukia kaa kwenye majivu ya jikoni ili asubuhi wapate moto bila kiberiti. Kufukia ni kuutunza moto. Mchanga unafanya kazi kama blanketi, joto linakaa ndani mpaka kesho yake na hata kesho kutwa, na ubaya wake ni kwamba moto uliofukiwa hautoi mwanga wala moshi wa kumwambia mtoto asisogee. Moto wa kuota unazimwa kwa maji. Mwaga taratibu ukiwa umesimama pembeni maana mvuke unaunguza, koroga na fimbo ndefu au beleshi, mwaga tena, koroga tena, mpaka ile shii isisikike hata kidogo, halafu sogeza nyuma ya kiganja juu yake bila kugusa, ukihisi joto bado. Majivu usiyaweke kwenye ndoo ya plastiki wala kwenye kiroba, tafuta ndoo ya chuma yenye mfuniko na uiache nje kwenye sakafu, mbali na ukuta.

Sasa kama unapenda kuota moto, na ni kitu kizuri sana familia kukaa kuzunguka moto, tengeneza sehemu yake kabisa. Pima mita 3 kutoka ukutani kama kima cha chini, mi kwa wateja wangu naweka 6 pakiwepo banda la makuti au ua wa minyaa, na uangalie juu pia, matawi na nyaya za umeme. Usiweke juu ya shimo la choo wala chemba zake, kule ndani kuna gesi inayowaka. Uliza na waya wa umeme wa chini umepita wapi kabla hujachimba. Afu kata majani na beleshi vipande vipande na udongo wake, vyote hivo unaweza kwenda kuzibia sehemu zenye upara, kwahiyo hupotezi kitu. Chimba kama sentimita 20, weka kokoto chini ili maji ya masika yasisimame, juu yake mchanga mkavu, halafu zungushia tofali za kuchoma. Mawe ya mtoni hapana kabisa, hata kama ni mazuri, yanakuwa na maji ndani na yakipata moto yanapasuka na vipande vinaruka kwenye macho ya watu. Tofali za bloku nazo zinapasuka.

Kwa mpangaji ambaye hawezi kuchimba kwa watu, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea ringi ya lori na miguu ya futi moja na nusu. Lakini usiiweke juu ya majani hivi hivi, joto linashuka chini na cheche zinadondoka, panga pevingi kwanza na mchanga juu, mwagilia majani ya pembeni, na ikiisha shughuli ondoa pevingi siku ya pili ikishapoa ili majani yapumue. Usitumie bati wala chombo chochote kilichopakwa zinki, moshi wake ni sumu, na pipa lililobeba petroli au kemikali usithubutu kumpelekea fundi alikate, linaweza kumlipukia.

Kuni pia mziangalie. Vipande vya nguzo za umeme au mbao zilizowekwa dawa mara nyingi vina aseniki ndani, sumu hiyo inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Minyaa iliyokatwa uani msichome, utomvu wake unaumiza macho. Na petroli isisogee kabisa kwenye moto, unawasha na vijiti vikavu na uvumilivu. Weka ndoo mbili za maji na mpira uwe tayari kabla hujawasha kiberiti, na mtu mmoja mkubwa asiyekunywa awe ndo mwenye moto mpaka mwisho. Namba ya zimamoto ni 114.

Kitu kingine, makaa yaliyobaki msiyabebe kwenye jiko kuingiza chumbani kupasha chumba. Ile hewa ya mkaa haina harufu, mtu analala haamki, na huku kwetu kwenye baridi watu wameshakufa hivo.

Juzi mama wa yule mtoto alinipigia, mguu unaendelea vizuri ila bado amefungwa bandeji. Tumepima na baba yake sehemu upande wa geti, mbali na choo na mbali na banda la gari, tofali za kuchoma zimeshafika. Jumamosi naanza kuchimba, na yale majani nitakayoyakata yanaenda kuziba lile duara la katikati.

Mtunza bustani,
Njiro, Arusha