Barua ya malalamiko: ambulensi iliyotoka kwenye pisti motokari zikikimbia

Lubumbashi, Jumatano

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni ya ambulensi

Kuhusu: fakitire (hati ya madai ya malipo) ya mashindano ya motokari ya Jumapili

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu za komite ya maandalizi ya mashindano. Fakitire yenu imetufikia. Mnatudai nusu iliyobaki ya bei tuliyopatana, na juu yake mmeongeza pesa za kumsafirisha mgonjwa, ambazo hazimo popote katika mkataba. Komite imenituma nikujibu kwa maandishi, maana kwa simu tumeshindwa kuelewana. Hatutalipa fakitire hiyo jinsi ilivyo, na ninaomba sababu zake uzisome wewe mwenyewe, usimwachie msimamizi wa zamu.

Mkataba wetu ni karatasi moja, hauna fumbo. Ambulensi mbili zenye vifaa kamili, kila moja na dereva na muuguzi, pamoja na daktari mmoja, kuanzia saa mbili asubuhi kabla ya mazoezi mpaka motokari ya mwisho itoke kwenye pisti, yaani njia ya mashindano, jioni. Kumpeleka majeruhi hospitali kumo ndani ya bei hiyohiyo. Nusu ya pesa mlipewa mapema, dola taslimu, na risiti yenu ninayo.

Saa mbili asubuhi ilikuwepo ambulensi moja. Tulizuia mazoezi kuingoja ya pili, madereva wamekwisha kuvaa kaske zao za kichwani, watazamaji wanapiga kelele juani, na vumbi la kiangazi unalijua. Ilipofika ilikuwa na dereva na muuguzi. Daktari hakufika kabisa. Tuliambiwa yuko njiani, kisha simu yake haikupatikana tena. Mwanachama wetu mmoja ni daktari, alikuwa amekuja na watoto wake kutazama. Aliacha kiti chake akakubali kukaa kando ya pisti siku nzima bila malipo. Kama asingekubali, tungerudisha watu nyumbani, na uamuzi huo tulikwisha kuutamka mbele ya madereva.

Huyo daktari ndiye aliyefungua ambulensi ya pili na kukuta mtungi wa oksijeni mtupu, mshale umelala kwenye sifuri. Mashine ya kufyonza damu na matapishi haikuwaka. Tukahamisha mtungi wa akiba kutoka gari la kwanza. Nashindwa kuelewa gari la namna hiyo linawezaje kupita geti la kampuni yenu asubuhi. Mtu aliyepinduka na motokari anaweza kuwa na damu na meno yaliyovunjika kooni. Asipofyonzwa upesi hewa haipiti, na ubongo uliokosa oksijeni huanza kufa baada ya dakika nne hivi. Ukiondoa vifaa hivyo, kinachobaki ni gari jeupe lenye taa.

Mchana, kijana wetu wa bendera, anayewaonya madereva kando ya pisti, aligongwa mguuni na tairi lililochomoka. Ambulensi ya kwanza ilimpeleka hospitali ya Sendwe, na katika hilo hatuna lawama hata kidogo. Muuguzi aliyekuwa na gari hilo alimfunga mguu vizuri, akazungumza naye kwa upole njia nzima, na alitupigia simu kutujulisha kwamba amepokelewa. Ningependa umpe shukrani zetu. Mashindano yaliendelea kwa sababu ambulensi ya pili ilibaki mahali pake, nyuma ya kona ya mwisho, ikitazama njia ya kutokea. Tulilipia magari mawili kwa ajili ya saa kama hiyo.

Halafu ofisi yenu ikaiita ambulensi hiyo ya pili iende mjini kumchukua mteja mwingine.

Hakuna aliyemwambia mkurugenzi wa mashindano. Dereva wenu aliwasha gari, akapita geti la nyuma, akashika njia ya Likasi, huku motokari zikizunguka kwa mwendo wa mwisho. Mlinzi wa geti alidhani ametumwa na sisi. Pisti yetu ikabaki bila ambulensi hata moja, na sisi tuliokuwa na redio mkononi hatukujua. Tungejua, bendera nyekundu ya kusimamisha motokari ingepanda palepale.

Tulijua pale motokari ya kijana mmoja wa Kampemba, hapa mjini, ilipopinduka kwenye kona ya mwisho na kutua kwa paa. Watu wa bendera waliita ambulensi kwenye redio, wakaita tena. Daktari wetu alikimbia kwa miguu akakuta kijana ananing'inia kichwa chini ndani ya mikanda yake, petroli inadondoka, na watazamaji wameruka kamba kuja kumvuta mikono. Alipaza sauti wamwache. Kumvuta mtu hivyo wakati shingo imeumia kunaweza kumfanya asitembee tena maisha yake yote. Vijana wetu wa huduma ya kwanza walishika kichwa, wengine wakabeba mabega na kiuno, mmoja akasimama na kizimamoto juu ya injini, wakamtoa polepole. Kola ya shingo hawakuwa nayo, ilikuwa imeondoka na gari lenu. Tulimlaza juu ya ubao ndani ya pikapu ya mwanachama, daktari amepiga magoti akikishika kichwa chake kwa mikono miwili, tukaingia kwenye foleni ya malori ya shaba yanayotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa. Pikapu haina king'ora. Hakuna lori lililotupisha.

Amevunjika mtulinga, na shingo yake ni nzima, Mungu asifiwe. Nilipompigia msimamizi wenu jioni ile, aliniuliza: si amepona, sasa mnalalamika nini? Akaongeza kwamba gari lilikuwa limekaa bure tangu asubuhi wakati mjini kuna mgonjwa anangojea.

Bwana Mkurugenzi, hapo ndipo penye ugomvi wetu wote. Kule kukaa, ambako msimamizi wako anasema ni bure, ndiko tulikokununua. Mlinzi wa usiku halipwi kwa hesabu ya wezi aliowakamata. Tunalipa ili gari likae pale injini ikiwa tayari, muuguzi akiwa macho, mtungi ukiwa umejaa, na tunatumaini kwa moyo wote kwamba jioni litarudi mjini bila kugusa mtu. Mgonjwa wa mjini ana haki ya kusaidiwa, na sina neno juu yake; lakini kampuni iliyouza gari lilelile mara mbili kwa saa ileile haikumsaidia yeye kwa mali yake, ilimsaidia kwa mali ya yule kijana wa Kampemba. Kama magari yenu hayatoshi, mkatae kazi mapema. Tungekasirika siku moja, basi.

Msimamizi wako aliniambia pia kwamba sisi ni klabu ndogo, tusijilinganishe na mashindano ya wazungu ya kwenye televisheni. Basi acha niyataje hayo anayotukataza kuyataja. Tarehe 10 Septemba 1978, huko Monza nchini Italia, magari ya Formula 1 yaligongana mara tu baada ya kuanza. Ronnie Peterson alitolewa kwenye moto na madereva wenzake, miguu imevunjika vibaya, akalazwa kando huku ambulensi ikichelewa kumfikia. Alikufa kesho yake hospitalini. Sid Watkins, daktari wa ubongo aliyekuwa ameanza mwaka uleule kusimamia matibabu ya mashindano hayo, hakukubali yapite hivyo. Alidai gari la daktari lifuate magari ya mashindano katika mzunguko wa kwanza, na mashindano yaliyofuata, kule Marekani, likafuata. Miaka mingi baadaye, tarehe 29 Novemba 2020, gari la Romain Grosjean lilikatika vipande viwili na kuwaka moto huko Bahrain katika mzunguko wa kwanza. Gari la daktari lilikuwa nyuma palepale, likafika kwa sekunde chache. Akatoka hai, mikono imeungua.

Mwaka huohuo wa 2020, mwezi wa Oktoba, huko Nürburgring nchini Ujerumani, siku nzima ya Ijumaa ya mazoezi ya Formula 1 ilifutwa. Magari yalikuwa mazima na madereva wapo. Ila ukungu ulizuia helikopta ya wagonjwa kuruka kwenda hospitali, basi hakuna gari lililokimbia. Utajiri wote ule ukakaa gereji kwa sababu njia ya kumfikisha majeruhi hospitali haikuwepo. Sisi hatuna helikopta, na hakuna anayeitaka. Kanuni yenyewe haihitaji utajiri: ambulensi ikitoka, motokari zinasimama, mpaka irudi au ije nyingine. Hata klabu ya vijana wa pikipiki inaweza kuifuata, mradi tu ijulishwe kwamba imetoka.

Tena sisi wadogo ndio tunaoihitaji zaidi. Mtu akigongwa hapa mjini, mara nyingi anabebwa kwa taksi, au nyuma ya pikipiki ya manseba, yule dereva wa pikipiki za abiria, huku mpita njia akimshikilia. Kila mtu wa Lubumbashi amewahi kuona hayo. Motokari zetu nyingi ni za barabarani, zimefungwa vyuma vya kulinda paa na mafundi wa mjini, mikanda imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Watazamaji wanasimama nyuma ya kamba na matairi. Katika mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, mwaka 1955, gari moja lilirukia watazamaji na zaidi ya watu 80 wakafa. Ninapowaona watoto wamekaa juu ya kichuguu karibu na kona, hilo ndilo ninaloliwaza, na ambulensi ilikuwa kitu cha kwanza nilichokipigania kwenye bajeti.

Nakwambia hili kwa sababu huenda hujui fakitire yako inatoka mifukoni mwa nani. Hatuna mfadhili wa migodi. Ni ada za madereva, tiketi za mlangoni, na muuza matairi mmoja anayeweka kitambaa chake cha matangazo kwenye uzio. Katika siku nzima ya mashindano hakuna gharama inayozidi ya ambulensi: kukodi uwanja kuko chini yake, zawadi ziko chini yake. Kila mkutano yuko mtu anayeinuka na kusema tuiondoe, tutumie pikapu, mbona hakuna aliyekufa? Kila mara nimesimama kumpinga, na wenzangu wakanifuata. Jumatatu mtu huyo aliinuka tena. Akasema: tumelipia ambulensi, na mwisho tumetumia pikapu. Chumba kizima kikanyamaza, nami sikuwa na la kumjibu. Hasara ya pesa tutaibeba. Hii nyingine ni nzito zaidi, maana wakishinda wanaotaka pikapu, siku moja tutambeba ndani yake mtu ambaye hatafika. Nina hasira na kampuni yako kwa ajili ya jambo hili kuliko kwa ajili ya dola.

Tunachotaka ni hiki. Fakitire ifutwe, iandikwe upya bila pesa za safari ya kijana wa bendera, bila malipo ya daktari ambaye hakuja, na bila bei ya ambulensi ya pili. Ya kwanza tutailipa yote, ilifanya kazi yake. Mkikuta kwamba nusu mliyokwisha kupokea inazidi hesabu hiyo, mturudishie kilichozidi. Pili, tunataka barua yenye sahihi yako inayoeleza nani aliamuru gari litoke. Dereva asitolewe kafara. Yeye aliitwa akaitika.

Wazazi wa kijana nao wanapaswa kutembelewa na mtu wa kampuni yenu. Mama yake alikuwepo pale uwanjani, aliona yote. Hajaomba pesa. Ameuliza tu gari lilikuwa wapi, na jibu la swali hilo si letu kulitoa.

Kuhusu siku zijazo, bado tungependa kufanya kazi nanyi, kwa sababu kampuni zenye magari ya namna hii mjini hapa ni chache na wauguzi wenu wanaijua kazi. Lakini mkataba mpya uandike kwamba kiongozi wa ambulensi atapewa redio yetu na hatatoka pistini bila neno la mkurugenzi wa mashindano, hata akiitwa na ofisi yenu. Kwamba daktari wetu atafungua kila gari asubuhi na kujaribu oksijeni, mashine ya kufyonza, kola za shingo na machela kabla ya injini ya kwanza kuwaka. Na kwamba gari likiondoka bila ruhusa, pesa zake zote zinarudi. Bei mkiipandisha kidogo kwa ajili hiyo, njooni tuzungumze. Niko tayari kuitetea tena mbele ya wenzangu, nikiwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Mashindano yanayofuata tumeyapanga kabla mvua hazijaanza, na uandikishaji wa madereva utafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Tunahitaji jibu lako kabla ya hapo. Likikosekana, tutapeleka nakala ya barua hii, pamoja na mkataba na maelezo ya daktari yaliyoandikwa siku ileile, kwa idara ya afya ya jimbo.

Kwa heshima,

Katibu wa komite ya maandalizi

Nakala: mwenyekiti wa klabu, mweka hazina, familia ya dereva