Ziara ya MUHAS Alhamisi: someni kabla ya kuuliza

Walimu wenzangu, habari za jioni. Tumekubaliwa kutembelea MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili! Tukutane saa mbili kamili asubuhi geti la Muhimbili, Upanga. Siyo Mloganzila, tafadhali; hiyo ni kampasi nyingine, na atakayepanda gari la huko atatukuta tumeshamaliza.

Tunaanzia Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Nimeomba watuonyeshe mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake: jina la kisayansi, jina la kienyeji, mahali ulipochumwa. Kwangu hapo ndipo penye faida kubwa kwa darasa la baiolojia, maana bila sampuli hiyo nani atathibitisha dawa ilitoka mti gani? Wale wa kubishana kuhusu muarobaini, jiandaeni.

Baadaye tutaelezwa utafiti wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu), unaofuatilia wagonjwa tangu 2004. Damu za watu si maonyesho: hakuna kupiga picha mirija wala lebo.

Viatu vya kufunika, kandambili hapana. Nauli kila mtu ajitegemee. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Jumanne usiku, niwapelekee orodha.