Tupeni habari za vitabu vipya

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Tandika. Jumapili jioni wanawake wa mtaani kwetu hukaa barazani kwangu kujadili kitabu kimoja, nakala tukipokezana. Karibuni tulisoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mjadala uliwaka. Mama mmoja, muuza samaki, alishikilia kwamba baba anayemtoa mwanawe kulipia deni hasameheki. Jirani yangu akamjibu kuwa anayesema hivyo hajawahi kudaiwa kweli. Tuliachana usiku, chai imeshapoa.

Shida ni kujua kipi kimetoka. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, redio zilimtaja. Wanaoandika kwa Kiswahili huku nyumbani tunawasikia kwa bahati tu, tukipita kwa wauza vitabu wa barabarani kule Posta.

Mpira naupenda, na kurasa zake msizipunguze. Naomba robo ukurasa kila Jumamosi: jina la kitabu kipya, bei, na duka kinakopatikana hapa Dar. Vitajwe pia vikundi vya wasomaji na mahali vinapokutana, ili mtu wa Mbagala au Kigamboni ajue pa kwenda.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam