Barua kwa mwanangu: kazi ya Voi ichukue, nyumba ya Nairobi usiivunje bado

Donholm, Nairobi

Mwanangu Nafula,

Barua ya ajira uliyonitumia nimeisoma yote, hata yale maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho. Unauliza kama kuondoka Nairobi kwenda kuishi Voi ni jambo la busara. Jibu langu ni kwamba kazi uichukue, ila nyumba yako ya hapa usiivunje kwanza. Mji mdogo kuingia ni rahisi, shughuli iko siku ya kutoka, na hesabu hiyo ya kutoka ndiyo wengi hawaipigi.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Kutoka hapa hadi kazini kwako Upper Hill unamaliza saa tatu kwa siku, kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha hata hizo hazitoshi. Kwa siku 22 za kazi ni saa 66 kwa mwezi umekaa ndani ya matatu. Voi ukipanga karibu na mji utatembea robo saa, au utapanda tuktuk. Saa hizo ni sehemu ya mshahara wako ingawa hakuna mwajiri anayeziandika kwenye karatasi. Zipangie kazi mapema. Ile mitihani ya uhasibu iliyobaki iandikishe kabla hujaondoka, la sivyo jioni zote zitaliwa na simu.

Kodi pia itashuka. Tuseme hapa unalipa 20,000 na kule upate nyumba ya chumba kimoja cha kulala kwa 10,000. Usizile hizo elfu kumi kwa macho. Ukija nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila safari ikiwa na basi, boda, matatu za hapa mjini na chakula cha njiani, tuseme 3,200 kwenda na kurudi, 6,400 zimeshaondoka. Weka nauli ya vifurushi, kwa sababu kipuri cha kompyuta au miwani ya kusomea huenda ukaiagiza Nairobi na kuilipia basi. Ukirudi unahesabu, utaona umebaki na elfu mbili tatu. Anayepata faida ya kodi ya mji mdogo ni yule anayekaa huko kweli, wikendi na yote.

Safari yenyewe ina mitego yake. Ni kama kilomita 330 kutoka hapa, na kutoka Voi hadi Mombasa ni kama 160, kwa hiyo uko katikati ya njia ya wengine. Basi linalotoka Mombasa linaweza kupita Voi limejaa. Desemba na Pasaka kondakta hataki abiria wa Voi, anataka wa Mombasa, na ukimng'ang'ania atakutoza nauli ya mwisho wa safari. Kata tiketi mapema, za kwenda na za kurudi. Treni ni nafuu ya mwili kuliko barabara ile ya malori, lakini treni inayosimama vituo vya kati vyote ni ya asubuhi, huondoka Syokimau saa mbili. Haikufai Ijumaa baada ya kazi. Unapolipia kwa *639# hakikisha uliyoichagua inasimama Voi, na kumbuka stesheni ya kule haiko katikati ya mji. Mtungi wa gesi haupandi treni, usijaribu.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa kidogo. Voi ni nchi kavu. Maji ya mfereji wanayategemea kutoka Mzima Springs, zile chemchemi za Tsavo Magharibi ambazo bomba lake kubwa linakwenda Mombasa, na mgao si jambo geni. Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, atakwambia yapo. Uliza tangi la ploti, yaani la nyumba zote za kiwanja hicho, ni la lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi. Tangi la lita 5,000 ukiliona utadhani mmeokoka, lakini nyumba nane zikitumia lita 150 kila moja kwa siku, hizo ni 1,200, na siku ya tano mmekauka. Halafu tazama limewekwa wapi. Likiwa juu ya paa na maji ya mfereji yanakuja kwa nguvu ndogo, hayatapanda. Lazima kuwe na tangi jingine chini na pampu ya kuyasukuma. Umeme ukipotea usiku ule ule wa zamu yenu ya maji, zamu imepita. Uliza pia tokeni ya pampu, yaani umeme wa kulipia kabla, hununuliwa na nani, kwa maana ugomvi wa ploti mara nyingi huanzia hapo. Boya la kufunga maji tangi likijaa nalo likifa, maji humwagika hadi asubuhi na bili mnagawiwa wote.

Wewe mwenyewe, mtu mmoja anayeoga kwa ndoo, hesabu lita 60 kwa siku: 20 za kuoga, 20 za choo, zinazobaki za kupika, vyombo na kufua kidogo. Mitungi mitano ya lita 20 haikufikishi siku mbili kamili. Nunua pipa la lita 210 lenye kifuniko cha kubana, litakuvusha siku tatu na nusu, na wenye mikokoteni ya maji uwajue kwa majina kabla ya shida. Kifuniko si cha vumbi tu. Mbu wa dengi hupenda kutaga kwenye maji masafi yaliyowekwa nyumbani.

Nyumba usiitazame asubuhi. Nenda saa nane mchana. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Voi karibu 600, na tofauti hiyo utaisikia mwilini. Nyumba ya mabati bila dari, Januari hadi Machi, hailaliki kabla ya usiku wa manane. Ukiwa ndani, weka kiganja kwenye ukuta wa upande wa magharibi. Ukiwa wa moto, jua, mwanangu, kwamba ukuta huo utaendelea kutoa joto hadi saa nne usiku, na kitanda usikiegemeze hapo. Tafuta madirisha yanayotazamana, yenye wavu wa mbu mzima, ndipo uangalie vigae na rangi. Vigae vimewapofusha wengi.

Kabla ya kutoa dipoziti, omba namba ya mita ya umeme na ununue tokeni ya shilingi 100 kwa M-Pesa, paybill 888880. Ujumbe utakaorudi utakuonyesha uniti ulizopata na kama kuna deni la zamani limekatwa. Deni la mpangaji aliyetangulia likiwa kwenye mita ile, utalilipa wewe kidogo kidogo bila kujua. Ikiwa ni mita ndogo ya mwenye nyumba, uliza bei ya uniti moja na iandikwe kwenye makubaliano. Friji isiunganishwe bila kinga yake. Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo kompresa inapoungua. Intaneti ijaribu ukiwa ndani ya chumba cha kulala, usiijaribu ukiwa langoni.

Afya. Wewe umekulia Nairobi, mwili wako haujazoea malaria. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza. Ukipata homa, kapimwe siku hiyo hiyo au kesho yake, usikae na panadol ukisubiri ipungue. Hospitali ya rufaa ya kaunti, Moi, iko hapo hapo mjini, hilo ni jambo jema ambalo miji mingi ya ukubwa huo haina. Swali la kuuliza ni daktari bingwa wa kitu fulani hukaa siku gani, maana pasipo naye utaelekezwa Mombasa. Dawa unazotumia kila mwezi nunua za miezi miwili uende nazo. Na hakikisha michango yako ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, imeingia. Mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara, lakini kukatwa si sawa na kufikishwa. Piga *147# ujionee.

Nirudi kwenye kutoka, maana ndiko ninakokutilia shaka. Malori mengi hupanda na mizigo kutoka bandarini na kushuka matupu, kwa hiyo ukitafuta vizuri pale Mlolongo, kwenye maegesho ya malori barabara ya Mombasa, utapata mtu wa kukupelekea vitu Voi kwa bei ya huruma. Siku ya kuvirudisha, lori hilo hilo limejaa, na mwenye nafasi atakutajia bei anayotaka. Kochi, kabati na kitanda kikubwa unavipeleka kwa urahisi kisha unaviuza kule kwa hasara. Basi usivipeleke. Nenda na godoro, jiko la gesi la kilo sita, sufuria mbili, feni na meza ya kusomea. Mtungi mkubwa utanunua ukishakaa.

Sababu ya pili iko kwenye barua yako. Umepewa miezi sita ya majaribio. Ndio upeo ambao Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu bila wewe kukubali kuongezewa, na ndani ya muda huo mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku saba tu. Hapa Nairobi ukiachishwa Ijumaa, Jumatatu unazungusha wasifu kwenye ofisi nyingine. Kule waajiri wa mhasibu wanahesabika, na nusu yao wanajuana na yule aliyekuachisha. Kwa hiyo mpangishe binamu yako chumba chako kwa miezi sita hiyo, mkiandikiana, naye mwenye nyumba akiwa na habari.

Mshahara nao ujadili kabla ya kutia sahihi. Serikalini posho ya nyumba ya Nairobi ni kubwa kuliko ya miji midogo, na mwajiri binafsi anaweza kukuletea hesabu hiyo hiyo: maisha kule ni rahisi, pokea pungufu. Mwambie maji ya kununua, feni, na kufuata huduma Mombasa si rahisi. Dai posho ya uhamisho, mara moja, iandikwe. Neno la mdomo la meneja halivuki Mtito Andei, hapo njiani kabla ya Voi.

Kuhusu watu, sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi watu 4,397,073. Voi ni kama 53,000. Maana yake ni kwamba muuza duka atajua siku yako ya mshahara, mwenye nyumba wako anaweza kuwa shemeji wa bosi, na mgeni atakayelala kwako atajulikana sokoni kabla hajaamka. Hilo lina upande wake mtamu: ukiugua watabisha hodi, na fundi akikuharibia kazi anajua mtakutana kanisani. Lakini usikope kwa daftari hata kama umepungukiwa, na mambo ya ofisi yasitoke ofisini. Nairobi ukikosana na mtu unahama mtaa. Voi utamkuta kwenye foleni ya M-Pesa kesho, na wakala mwenyewe mwisho wa mwezi huishiwa floti, pesa za kuhudumia wateja, kwa hiyo foleni ni ndefu.

Chakula kitakufurahisha. Ndizi na nyanya za Taveta, mboga za milimani Wundanyi, nyama ya mbuzi. Viazi vya Nyandarua vinakuja kutoka mbali na bei yake inaonyesha. Pembezoni mwa mji usitembee kwa miguu baada ya giza. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu na ndovu hawasomi mipaka, hasa wakati wa kiangazi wanapotafuta maji.

Jumamosi ukienda kuona nyumba, nipigie ukiwa bado ndani, saa nane hiyo hiyo, kabla hujatoa hata shilingi. Nitumie picha tatu: mita, tangi, na dari. Kama hakuna dari, nitumie mbili na utoke utafute nyingine.

Mama yako