Barua kwa Somo Yangu Juu ya Kukitumikia Chama cha Walimu

Chake Chake, Pemba

Somo yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa suala uliloniuliza ni zito na linastahiki jibu la utulivu. Umeniandikia kwamba tangu uhamishiwe skuli yako mpya huko Micheweni, ada ya chama inakatwa katika mshahara wako kila mwezi, lakini hujapata kuitwa katika kikao hata kimoja, na wenzako wanakizungumzia chama kama ofisi ya watu wengine iliyoko Unguja. Ukaniuliza mwalimu wa kawaida, asiye na cheo chochote, aanzie wapi akitaka kuwa mwanachama wa kweli. Ninavyoamini mimi, aanzie hapo hapo skulini kwake, katika tawi, na aanze na jambo moja dogo linaloshikika, alifuatilie mpaka limalizike.

Usiwalaumu sana wenzako kwa namna wanavyokiona chama, kwani jambo hilo lina historia yake. Wafanyakazi wa visiwa hivi walijua kujipanga wenyewe zamani. Mgomo wa 1948 ulianza kwa wachukuzi wa bandarini Unguja, kisha ukaenea mjini kote, na hapakuwa na mkubwa yeyote aliyewaamuru waufanye. Lakini baada ya Mapinduzi ya 1964 vyama vya wafanyakazi vikawekwa chini ya chama kilichotawala, na tokea 1978 wafanyakazi wa Bara na wa Visiwani wakawa pamoja ndani ya JUWATA, yaani Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, ambayo nayo ilikuwa jumuiya ya chama tawala. Walimu waliotufundisha sisi waliajiriwa katika zama hizo. Walizoea kwamba chama kinaletwa kutoka juu, viongozi wake wanajulikana, na kazi ya mwanachama ni kukatwa ada na kusimama kwenye gwaride la Mei Mosi. Mazoea hayo tumeyarithi, ingawa sheria imeshabadilika na chama tulichonacho leo, Chama cha Walimu Zanzibar, ni chetu wenyewe kwa maana kamili. Ulitaka pia kujua kwa nini hatumo katika CWT, yaani Chama cha Walimu Tanzania, pamoja na walimu wenzetu wa Bara. Sababu ni kwamba mambo ya kazi na ajira si miongoni mwa mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria zake za kazi, na kwa hivyo walimu wa huku wana chama chao.

Kuhusu onyo ulilopewa, kwamba mwalimu akijitia mno katika mambo ya chama atahamishwa au atanyimwa nafasi ya masomo, sitakwambia kwamba hofu hiyo haina msingi, maana watu wana waliyoyaona. Ila nataka ujue unasimama juu ya nini. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 20, inatambua haki ya mtu kukutana na kushirikiana na wenzake. Sheria Nambari 1 ya 2005 inayohusu mahusiano kazini inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Juu ya hayo ipo mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, Nambari 87 wa 1948 na Nambari 98 wa 1949, ambayo nchi yetu imeiridhia yote miwili. Huo wa pili unakataza wazi kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu ya uanachama wake. Tafuta nakala ya sheria hiyo pamoja na katiba ya chama chetu, uzisome kwa makini na uziweke katika mkoba wako. Nimeshuhudia namna mazungumzo yanavyobadilika pale mwalimu anapofungua kifungu badala ya kupandisha sauti.

Sasa nikueleze kuhusu kikao, maana hapo ndipo matawi yetu mengi yanapokwama, na kwa kweli sababu yake ni saa tu. Skuli yako, kama yangu, inakwenda kwa mikondo miwili. Walimu wa asubuhi wanatoka adhuhuri wakiwa wamechoka na wengi wao wana njia ndefu. Walimu wa mchana wanaingia wakiwa na haraka ya kupanga wanafunzi. Muda ambao wote wamo ndani ya uzio mmoja haufiki hata nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo wakati wa sala. Anayeitisha kikao asubuhi anawapata nusu ya walimu, na anayekiitisha jioni anaipata nusu nyengine, halafu kila upande unalalamika kwamba upande wa pili umeamua peke yake. Mwaka unapita bila ya akidi kutimia, na watu wanahitimisha kwamba walimu hawakitaki chama.

Sisi tulilitatua jambo hili kwa kuwa na wawakilishi wawili, mmoja wa kila mkondo, wanaokutana wenyewe kwa wenyewe kila wiki na kupelekeana habari kwa maandishi. Mikutano ya tawi zima tunaifanya Jumamosi asubuhi, mara moja kwa muhula, na tunaitangaza mapema ili kila mtu apange shughuli zake. Naomba uzingatie tahadhari moja ambayo mtu wa mjini hataikumbuka: usipange mkutano katika msimu wa karafuu. Jumamosi ya msimu utazungumza na viti, na walimu ambao hawakuja utawaona kuwa wazembe ilhali wako juu ya mikarafuu wakitafuta ada za watoto wao walioko vyuoni. Mkutano wenyewe usizidi saa moja na nusu, uwe na ajenda iliyobandikwa ukutani siku chache kabla, na mtu aliyepewa kazi ya kuandika kumbukumbu aziandike kweli, azisome mwanzoni mwa mkutano unaofuata, na kila jambo liwe na jina la mtu atakayelifuatilia.

Jambo dogo linaloshikika nililolitaja mwanzoni, kwetu sisi lilikuwa ni daftari. Ni daftari la kawaida la mistari lenye jalada gumu, na kila mwalimu ana ukurasa wake: tarehe aliyoajiriwa, daraja alilonalo, mara ya mwisho alipopandishwa, likizo alizochukua na posho aliyolipwa au asiyolipwa, vyeti alivyowasilisha, na siku aliyoviwasilisha. Tulilianzisha baada ya mwenzetu mmoja kurudi masomoni na shahada yake, akaikabidhi nakala kwa mkono katika ofisi moja, akaambiwa asubiri. Alisubiri sana. Alipokwenda kuulizia, nakala haikuonekana, na hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba aliileta. Mshahara wake ulibaki wa stashahada na hakuna aliyekuwa na la kusema. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba hakuna mwalimu wa tawi letu atakayepeleka waraka wowote bila ya nakala ya pili inayogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, na nakala hiyo inahifadhiwa katika faili la tawi.

Huwezi kuamini, somo yangu, daftari lile limefanya kazi gani. Mwalimu anapolalamika peke yake kwamba hajapandishwa daraja, anajibiwa kwamba ni suala lake binafsi na litaangaliwa. Tawi linapowasilisha barua moja yenye jedwali la walimu wote wenye tatizo la aina hiyo, pamoja na tarehe zao na nakala zenye muhuri, barua hiyo inabidi ijibiwe, kwa kuwa viongozi wa wilaya wa chama wanaweza kuichukua kama ilivyo na kuipeleka mbele. Madai ya malimbikizo yanashindwa mara nyingi kwa kukosa ushahidi, ingawa haki ipo. Kwa hivyo ukiniuliza kazi yenye faida kubwa zaidi anayoweza kuifanya mwanachama asiye na cheo, nitakutajia kazi hii ya uandishi na utunzaji wa nyaraka, ambayo haina makofi wala picha.

Naomba pia uwatafute watu ambao hawasikiki. Walimu wengi wa maandalizi na msingi ni wanawake, lakini tazama nani wanachaguliwa kuwa wenyeviti na makatibu, na nani wanaombwa kushughulikia chai. Siamini kwamba wanawake hawataki uongozi. Mikutano ikiwekwa jioni, au mahali pa mbali pasipo na gari la kurudia, mwanamke mwenye watoto wadogo ameshaondolewa kabla ya kura kupigwa. Badilisheni saa, na majina ya wagombea yatabadilika yenyewe. Wapo pia vijana wanaofundisha kwa kujitolea, ambao hawamo katika orodha ya mishahara na kwa hivyo hawakatwi ada. Waalikeni wasikilize. Wanabeba vipindi kama sisi, na hali yao ndiyo itakayoamua mwalimu wa Zanzibar wa kesho atakuwa mtu wa namna gani.

Lipo jambo ambalo huku kwetu Pemba halina budi kusemwa kwa uwazi, nalo ni siasa za vyama. Katika skuli moja wamo watu wa vyama tofauti, na miaka ya uchaguzi inaacha majeraha hata baina ya ndugu. Tawi la walimu likishaonekana ni la upande fulani, nusu ya walimu hawatakanyaga tena, na kila dai litakalotolewa litapimwa kwa rangi ya bendera. Sisi tumeweka kanuni kwamba katika kikao cha tawi hapatajwi chama cha siasa wala mgombea, na mwenyekiti ana idhini ya kumkatisha yeyote, awe mkubwa kiasi gani. Kanuni hiyo mimi naithamini kuliko nyengine zote, kwa sababu deni la posho ya likizo halimuulizi mtu kadi yake.

Tawi likishatulia, ndipo mtazame juu. Chaguzi za ngazi ya wilaya zikifika, msizipuuze. Walioko huko ndio wanaobeba hoja zetu hadi katika mazungumzo na mwajiri, na mkataba wa hali bora za kazi hujengwa kwa hoja zilizotoka matawini. Ombeni ripoti ya mapato na matumizi ya ada, na muiombe kwa adabu na kwa maandishi, kwa kuwa ni haki ya mwanachama na wala si tuhuma dhidi ya kiongozi. Kama hamuelewi kwa nini mambo yamechelewa, mwalikeni kiongozi wa wilaya aje skulini awasikilize. Wengi wao ni walimu kama sisi, na nimeona wakifurahi kuitwa mahali ambapo wameandaliwa maswali yaliyofikiriwa.

Nakushauri vilevile muitumie tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, kwa namna iliyo na manufaa zaidi ya fulana na maandamano. Siku hiyo inaadhimishwa tokea 1994 kukumbuka pendekezo kuhusu hadhi ya walimu lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966 na mkutano ulioitishwa na UNESCO kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani. Humo imeelezwa kwamba jumuiya za walimu zishirikishwe katika kupanga sera ya elimu, na kwamba idadi ya wanafunzi darasani iwe ile inayomwezesha mwalimu kumshughulikia kila mtoto. Waiteni wazazi na kamati ya skuli, muwasomee maneno hayo, kisha muwapeleke madarasani wakaone wenyewe watoto watatu wanavyobanana kwenye dawati moja. Serikali ilipotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, wazee wetu waliipokea kama haki ya mtoto wa kila mkulima na kila mvuvi. Mzazi akiona kwamba tunachodai kinamhusu mwanawe, hatatuona tena kuwa ni watu wa kudai mishahara tu, na sauti yake itafika mahali ambapo yetu haifiki.

Usijaribu kuyafanya yote haya kwa pamoja. Muhula huu tafuta mwenzako mmoja wa mkondo wa mchana unayemuamini, mzungumze, na muanze kuandikisha kurasa za daftari kwa walimu walio tayari. Mwalimu mkuu mpelekeeni taarifa kwa heshima, ili asije akasikia pembeni na kudhani kuna jambo linapangwa dhidi yake. Naye ana daraja na likizo zake, na huenda akawa wa mwanzo kuomba ukurasa. Mukishapata kurasa za kutosha mutakuwa na la kuzungumza katika kikao, na kikao chenye la kuzungumza hakikosi watu.

Pamoja na barua hii nimekupelekea nakala ya mpangilio wa kurasa za daftari letu, nikiwa nimefuta majina, pamoja na mfano wa barua ya tawi kwenda wilayani. Uniandikie mara tu mutakapopata tarehe ya mkutano wenu wa mwanzo. Ikiwa ni Jumamosi na gari za Konde zipo, nitakuja kukaa nyuma na kusikiliza. Unisalimie wazee na watoto.

Wasalaam,

Ni mimi somo yako na mwalimu mwenzako.