Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Haut-Katanga: tuambiwe mahindi yanayopita Kasumbalesa ni ya aina gani

Lubumbashi, mwezi wa Oktoba

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo wa Jimbo la Haut-Katanga,

Nakuandikia mvua ikiwa bado haijaanza, kwa sababu ninachokuomba kitafaa tu kikifanyika kabla watu hawajapanda. Nina shamba dogo upande wa Kaponda, na katika miezi ambayo ghala langu ni tupu nauza unga kwa meka, kile kipimo chetu cha sokoni, hapa Ruashi. Mahindi nayajua tangu yakiwa mbegu mkononi hadi yakiwa bukari, yaani ugali, kwenye sahani ya watoto.

Msimu uliopita mvua ilianza vizuri, halafu Desemba ikakatika kwa karibu majuma matatu. Miche ikaungua. Mama mmoja tunayepakana naye mashamba alikuwa amemaliza pesa yake yote kwenye mbegu ile ya kwanza. Akaenda sokoni, akanunua gunia la mahindi ya punje, yale ambayo watu hununua ili kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Nusu akasaga, nusu akapanda. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka ambao mume wangu aliugua. Nilipolisoma lile gunia nikakuta idadi ya kilo na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mahindi meupe. Jina la nchi hakuna, jina la aina ya mbegu hakuna. Nikamrudia muuzaji kumuuliza. Akanijibu, “Inatoka kule ng'ambo ya Kasumbalesa, mama. Bakubwa banajua.”

Mheshimiwa, nimeshika kalamu kwa ajili ya hilo tu: wakubwa wanajua? Wanajua mahindi yanayopita mpaka huo wa Zambia yalivunwa nchi gani, na kama ni OGM, yaani mahindi yaliyobadilishwa urithi wake maabara?

Jimbo letu halijilishi, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kampuni za madini ziliwahi kuamriwa kila moja ilime hekta 500. Mahindi ya mashamba makubwa ya serikali kule Kaniama Kasese yanaletwa mjini. Hata hivyo bado tunangojea malori ya Zambia, ya Tanzania na ya Afrika Kusini. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, bei ya meka inapanda kabla juma halijaisha, na kuna nyumba ambazo jiko linawashwa mara moja tu kwa siku. Kwa hiyo asije mtu akasema nimeomba mpaka ufungwe. Sijaomba hivyo, na sitaomba.

Lakini malori hayo hayatoki kwenye mashamba yanayofanana. Zambia ina sheria yake ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa tangu 2007, na ni sheria kali. Afrika Kusini ilianza kulima mazao ya OGM mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafika mahindi meupe ya kuliwa na watu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo zaidi ya asilimia 80 ya mahindi yake ni OGM. Anayesema kwamba gunia la mahindi meupe kutoka huko huenda ni OGM hasambazi uvumi. Amepiga hesabu tu.

Uvumi upo, tena mwingi, na unaniumiza kama muuza unga. Hapa kwetu kila kitu kikubwa au kinachong'aa kinaitwa OGM: nyanya nene, kuku wa friji, mahindi ya njano. Hata mbegu ya hibridi ambayo agronomu anatushauri tununue inaitwa OGM. Hibridi ni watoto wa mahindi mawili yaliyooanishwa shambani kwa chavua, jambo ambalo hata upepo hufanya. OGM ni kitu kingine: kipande cha urithi wa kiumbe kimoja kinachukuliwa maabara na kuingizwa ndani ya kiumbe kingine. Kwenye mahindi mengi ya Afrika Kusini kipande hicho kimetoka kwa bakteria wa udongoni anayeitwa Bacillus thuringiensis. Mmea unatengeneza wenyewe protini inayoharibu tumbo la kiwavi, na kiwavi akiutafuna anakufa. Aina nyingine imetengenezwa ili isife shamba likipuliziwa dawa ya magugu ya glifosati.

Nasema wazi kwamba mahindi ya namna hiyo yanaweza kumvutia mkulima. Tangu viwavijeshi walipofika Afrika, mwaka 2016, sisi tunaamka alfajiri kuwatoa kwa mkono, mmoja mmoja, na kutia majivu ndani ya mmea. Mtoto wangu wa pili alikosa shule majuma mawili kwa kazi hiyo. Mtu akiniambia ipo mbegu inayomuua kiwavi bila mimi kununua dawa, nitamsikiliza mpaka mwisho.

Na kuhusu afya, sitaki kuwatisha wateja wangu kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya OGM vilivyoko sokoni vimepimwa usalama wake na haielekei kuwa na hatari kwa afya ya mlaji. Mwaka 2016 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti nyingi na hazikupata ushahidi thabiti kwamba vyakula hivyo vina hatari kuliko vya kawaida. Ule utafiti wa panya wenye uvimbe, wa Mfaransa Séralini, ambao picha zake bado zinazunguka kwenye simu zetu, ulitoka 2012. Jarida lililouchapisha likauondoa mwaka uliofuata kwa sababu matokeo yake hayakutosha kuthibitisha jambo, kisha jarida lingine likauchapisha tena 2014. Kenya ilipiga marufuku kuingiza OGM Novemba 2012, muda mfupi baada ya utafiti huo, na marufuku ikakaa miaka kumi. Serikali ilipoiondoa 2022, watu wakakimbilia mahakamani. Nchi nzima imevutana miaka yote hiyo, na mkulima yuko katikati.

Hao wataalamu, hata hivyo, hawasemi kwamba OGM yoyote ni salama. Wanasema kila moja ipimwe peke yake, na ipo sababu. Katika miaka ya 1990 soya iliyotiwa jeni ya karanga za Brazili ilipimwa ikaonekana inaweza kuwadhuru watu wenye mzio wa karanga hizo, ikaachwa kabla haijafika sokoni. Mwaka 2000, huko huko Marekani, mahindi yaitwayo StarLink, yaliyoruhusiwa kwa chakula cha mifugo peke yake, yalikutwa ndani ya chakula cha watu, na bidhaa nyingi zikarudishwa kutoka madukani. Tukio la kwanza lilizuiwa kwa sababu mtu alipima. La pili liligunduliwa kwa sababu mtu alipima. Sisi tunakula bukari mchana na jioni, Mheshimiwa, na gunia letu halisemi hata linatoka wapi.

Tena kama ni hofu ya tumbo, ipo moja iliyothibitishwa ambayo haizungumzwi sana sokoni: kuvu. Sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaleta kansa ya ini. Atakayefungua gunia mpakani kutafuta OGM atafute na hiyo.

Kinachoninyima usingizi, basi, ni ile nusu ya gunia aliyoipanda jirani yangu.

Unga hauoti. Punje inaota. Mahindi yanazaa kwa chavua inayobebwa na upepo, na upepo haujui mpaka wa shamba lake na langu. Mimi nina mahindi ya marehemu mama mkwe wangu, meupe, magumu, yanayostahimili ghala bila dawa. Nayachagua kila mwaka kwa mkono, gunzi kwa gunzi. Kama shamba la pili lina mahindi ambayo hakuna anayeyajua, baada ya misimu michache sitajua tena ninachagua nini.

Lipo na jambo la viwavi wenyewe, ambalo naona halifiki masikioni mwa wanaozitetea mbegu hizi wala wanaozipinga. Afrika Kusini mkulima anayenunua mahindi ya kuua viwavi anatakiwa kupanda pembeni sehemu ya mahindi ya kawaida, ili viwavi wasiozoea sumu waendelee kuwepo, wapandane na wale waliozoea, na usugu usienee. Pamoja na masharti hayo, mwaka 2007 watafiti wa huko walitangaza kwamba kiwavi mtoboa bua alikuwa tayari ameanza kuishi ndani ya mahindi hayo bila kufa. Hapo ni kwa wakulima walioelezwa na kutia sahihi. Huku Kaponda mama amepanda punje za gunia, kizazi cha pili, ambapo mmea mmoja una sumu na wa jirani yake hauna. Hakupewa sharti lolote, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni nini alichoshika. Hiyo ni shule ya kuwafundisha viwavi kuishi na sumu. Siku mtakapoamua, kwa mujibu wa sheria na baada ya kutushauri, kwamba mbegu hiyo inatufaa, tutakuta viwavi wameshaizoea.

Na mbegu hizo zina mwenyewe. Anayezinunua anatia sahihi kwamba hataweka punje za kupanda mwaka unaofuata. Sisi huku kuweka mbegu ndiyo kilimo chenyewe.

Zambia iliyaona haya mwaka 2002. Kulikuwa na ukame, mamilioni ya watu walikuwa hatarini, na mahindi ya msaada kutoka Marekani yalikuwa na OGM. Rais Levy Mwanawasa akayakataa, akayaita sumu. Mimi nadhani neno sumu halikuwa sahihi, na kumkatalia chakula mwenye njaa ni uamuzi mzito ambao nisingependa kuwa mahali pake. Lakini majirani wengine walipata njia ya kati: Zimbabwe, Malawi na Msumbiji walikubali mahindi hayo kwa sharti kwamba yasagwe kwanza. Watu walikula, na punje hazikuingia shambani. Njia hiyo iko wazi kwetu pia, na mashine za kusaga tunazo.

Sheria haikosekani. Nchi yetu ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa, iliyopitishwa mwaka 2000. Kifungu chake cha 18 kinasema shehena ya chakula inayoweza kuwa na viumbe hivyo isafiri na karatasi zinazosema hivyo, na zinazosema kwamba si ya kupandwa. Kifungu cha 23 kinataka wananchi waelezwe na washirikishwe. Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja kuulizia karatasi hizo. Nikaambiwa nirudi juma lijalo, nikarudi, nikaambiwa hilo si jambo la kuulizwa na mama wa soko. Mheshimiwa, anayemuuzia mtu chakula anaulizwa na mlaji kila siku. Ni jambo langu kabisa.

Ninachoomba kinaweza kuanza msimu huu. Kila lori la mahindi ya punje linaloingia Kasumbalesa, Mokambo au Sakania lionyeshe karatasi za nchi yalikovunwa na kama yana OGM, na karatasi hizo zibandikwe mahali tunapoweza kuzisoma. OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, wapewe vile vipimo vidogo vya karatasi: unasaga punje kidogo, unatia maji, unachovya, na baada ya dakika chache mstari unaonyesha kama protini ile ipo. Maabara ya agronomia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi wangeweza kurudia vipimo vyenye utata. Shehena itakayokutwa na OGM isagwe kabla ya kufika sokoni, na gunia la unga liandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili, bila maneno ya kutisha: nchi, mwaka, OGM ndiyo au hapana. Mteja ataamua. Wapo watakaonunua kwa sababu ni bei nafuu, na hiyo ni haki yao.

La mwisho ndilo litakalogharimu pesa, na ndilo muhimu kuliko yote. Jirani yangu alipanda chakula kwa sababu mbegu ya pili hakuwa nayo. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wana kituo Kipopo, karibu kabisa na mji. SENASEM wapo kuthibitisha mbegu. Iwekwe akiba ya mbegu iliyothibitishwa, ya aina ambazo punje zake zinaweza kupandwa tena, igawiwe kwa mkopo Desemba kwa yule ambaye mvua imemkatikia, naye airudishe kwa kipimo kile kile baada ya mavuno. Bila hiyo, hata ukibandika karatasi kwenye kila mti wa barabara ya Kasenga, mwenye njaa atapanda alichonacho.

Huku tunaanza kupanda katikati ya Novemba. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo nitakuja ofisini kwako pamoja na akina mama wenzangu wa Kaponda, na lile gunia nitalibeba, maana nimelitunza. Jirani yangu amehifadhi magunzi aliyovuna kwenye ile nusu aliyopanda, na anataka kuyapanda tena mwaka huu. Nimemwomba asubiri kwanza. Amekubali kusubiri mpaka mvua ya pili, nami nimemwahidi kumpelekea jibu lako.

Kwa heshima zote,

Mama mkulima wa Kaponda, muuza unga wa Ruashi