Tope la mgodi lichuje majitaka, lisimwagwe ziwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu fosforasi inayonenepesha magugu maji Ziwa Victoria. Lipo tope la migodi ya makaa ya mawe ambalo Marekani hulipia gharama kulitupa, nalo hunasa fosforasi vizuri. Lafaa kujaribiwa, ila si kwa kulimwaga mwaloni kwa lori.

Miamba ya makaa ya Pennsylvania na West Virginia ina pairiti, yaani chuma na salfa. Ikipata hewa na maji, hutoka maji makali yaliyojaa chuma. Yakitiwa chokaa, chuma huganda na kuwa tope la rangi ya chungwa. Ni kutu laini, na fosfati, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, hujishikiza juu yake. Watafiti wa serikali huko Leetown, West Virginia, wamelitumia kusafisha maji machafu ya kilimo.

Tope bichi likijazwa kwenye chujio huziba. Likaushwe, livunjwe, lichekechwe, zibaki punje za milimita 1 hadi 2, vumbi lioshwe. Chujio likae mwisho wa mabwawa ya majitaka, nyuma ya tabaka la changarawe. Hunasa fosfati iliyoyeyuka tu; iliyo ndani ya mwani hupita zake.

Kabla ya kujenga, piga hesabu. Mita za ujazo 100 kwa siku, zenye miligramu 5 za fosforasi kwa lita, hubeba gramu 500. Kilo ya punje ikinasa gramu 5, zitakwisha kilo 100 kila siku, tani 3 kwa mwezi. Hapo nauli ya kuleta punje ndiyo inayoua mradi. Hiyo gramu 5 kwa kilo usiinakili: tia nusu gramu ya punje katika lita 1 ya maji yako, tikisa, chuja, pima. Fosforasi ikishuka kutoka miligramu 5 hadi 2.5, umepata gramu 5 kwa kilo. Kipimo kikisoma fosfati badala ya fosforasi, gawanya kwa 3, maana wengi hukosea hapo. Na pima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, mchana, si asubuhi tu: jua likiwaka, mwani huipandisha hadi 9 bwawani, na juu ya 8 unasaji hufifia.

Kwa nini si ziwani? Chini kwenye matope hakuna oksijeni. Bakteria hukigeuza chuma kiyeyuke tena, na fosforasi iliyonaswa huachiwa. Hata chujio lenye maji yaliyotuama hufanya hivyo. Likinuka yai viza, limekwisha kuharibika.

Tena, marudio ya dhahabu, yaani mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, si tope hili. Ya wachimbaji wadogo mara nyingi yana zebaki, na mengine yana aseniki. Aseniki nayo hukaa juu ya chuma, na fosfati huisukuma itoke. Utaondoa mbolea majini na kuingiza sumu. Hata tope la makaa ya Kiwira au Ngaka, hapa Tanzania, lisitumike kabla ya maabara kupima metali zinazochuruzika.

Punje zilizoshiba huoshwa kwa kostiki soda, fosforasi ikatoka, ikagandishwa kwa chokaa, punje zikarudi kazini. Kostiki soda hainunuliwi kwa bei ya chumvi, hivyo nayo iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Mdau wa majitaka,
Mwanza